Kupaka rangi intakula: kinachobadilika na kisichobadilika

Intakula hupoza hewa iliyoshindiliwa na tabo kabla haijaingia kwenye injini. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na tabo ya gari la petroli linalokanyagwa sana huweza kuitoa ikiwa imevuka nyuzi 100 za Selsiasi. Hewa hiyo ya moto imetanuka, hivyo kila lita yake ina oksijeni kidogo na nguvu ya injini hupungua. Kwenye petroli kuna hatari nyingine: mchanganyiko wa mafuta na hewa huweza kuwaka kabla ya wakati, injini ikaanza kugonga na pistoni zikaharibika. Kwa hiyo anayeuliza kama rangi itazuia upoaji anauliza jambo la msingi.

Sababu za kupaka rangi zinaeleweka. Alumini inayong'aa nyuma ya bampa huonekana kwa mbali, na mwenye gari linalolala nje hataki kutangaza alichofunga. Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja, hewa ya chumvi hula alumini taratibu, na mapezi ya intakula ni membamba mno kuhimili kutu ya muda mrefu.

Joto hutoka kwenye intakula kwa hatua tatu. Kwanza hewa ya moto iliyo ndani huliachia kwenye ukuta wa njia zake. Kisha joto hupenya alumini. Mwisho upepo wa nje hulichukua kutoka kwenye mapezi. Hatua ya kati haina uzito wowote, kwa kuwa alumini hupitisha joto kwa wepesi mkubwa. Kikwazo kipo kwenye hewa yenyewe, ndani na nje, kwa sababu hewa hupokea joto polepole. Hapa ndipo jibu lilipo: rangi inapaswa kulinganishwa na kikwazo cha hewa. Anayeilinganisha na alumini peke yake ataogopa bure.

Ni kweli kwamba rangi hupitisha joto vibaya, takriban mara 1,000 pungufu ya alumini. Lakini tabaka jepesi lililopulizwa vizuri lina unene wa mikromita 25 hivi, yaani sehemu moja ya arobaini ya milimita. Uwezo wa rangi kupitisha joto ukichukuliwa kuwa wati 0.2 kwa mita kwa kila nyuzi, kizuizi cha tabaka hilo ni 0.000125. Upepo unaopita kati ya mapezi, ukichukua wati 80 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi, una kizuizi cha 0.0125, yaani mara 100 zaidi. Rangi imeongeza asilimia moja tu upande wa nje. Hata asilimia hiyo haifiki kwenye intakula nzima, maana rangi inayopulizwa kutoka mbele huishia kwenye kingo za mapezi na milimita chache za mwanzo. Sehemu kubwa ya ndani hubaki alumini tupu.

Mambo hugeuka rangi inapokuwa nene. Praima nzito, rangi mbili juu yake na vanishi ya kumalizia huweza kufika mikromita 100 na zaidi. Kizuizi cha rangi hupanda mara nne, lakini hilo si baya kuliko yote. Mapezi yaliyoachana milimita mbili hupoteza sehemu ya kumi ya nafasi yao, na upepo katika njia nyembamba hupungua haraka kuliko upana wenyewe. Mapezi mengi pia yana vipasuo vidogo vinavyovuruga upepo ili uguse chuma vizuri zaidi. Rangi nzito huviziba, na vikishazibwa hakuna mvua wala kuosha kutakakovizibua. Intakula inayoharibiwa na rangi huharibiwa hivi, kwa kuzibwa.

Kuna wanaodai kinyume, kwamba rangi nyeusi huongeza upoaji kwa kutoa mionzi ya joto. Fizikia yake ni sahihi, kiasi chake ni kidogo. Alumini tupu hutoa takriban asilimia 10 au pungufu ya mionzi inayowezekana; iliyopakwa rangi hutoa karibu asilimia 90. Uso wa sentimita 60 kwa 30 wenye nyuzi 60, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, utatoa wati 4 hivi ukiwa mtupu na wati 35 ukiwa umepakwa. Intakula inayopunguza nyuzi 70 kwenye gramu 150 za hewa kila sekunde huondoa zaidi ya wati 10,000. Nyongeza ya wati 30 haionekani mbele ya hizo. Tena weusi si sharti: kwa joto la kiwango hiki rangi nyeupe hutoa mionzi karibu sawa na nyeusi. Weusi una maana kwenye mwanga wa jua, ambao intakula iliyojificha nyuma ya grili haiupati sana.

Mahali intakula ilipofungwa ndipo panapostahili kufikiriwa zaidi. Kwenye Mitsubishi Lancer Evolution iko mbele, inakutana na upepo moja kwa moja. Kwenye Subaru Impreza WRX na Forester nyingi zenye tabo, na kwenye Toyota Hilux ya dizeli ya lita 3.0 ya D-4D, imelala juu ya injini na hupata upepo kupitia tundu la boneti. Uso unaotoa mionzi vizuri huipokea vizuri pia. Alumini inayong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mionzi inayotoka kwenye tabo na ekzosi zilizo chini yake; ikipakwa rangi huinywa, hasa gari likisimama kwenye foleni na upepo ukakatika. Intakula ya namna hii ipakwe juu tu, upande wa chini uachwe uking'aa, na kinga ya joto ya tabo irudishwe mahali pake.

Kazi yenyewe huanza kwa kuifungua, kumwaga oili iliyokusanyika ndani na kuziba midomo yote miwili. Vumbi, wadudu na mafuta yaliyoganda kati ya mapezi huzuia joto kuliko tabaka jepesi la rangi, kwa hiyo kuosha ni nusu ya faida. Maji yapite kwa shinikizo dogo, maana mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi. Kostiki soda isikaribie kabisa, kwa sababu huyeyusha alumini. Mapezi yaliyolala yanyooshwe kwa kibanzi chembamba, na matangi ya pembeni yapigwe msasa laini.

Rangi ya injini inatosha. Ipulizwe kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, mkono ukienda kwa mshazari ili iguse kingo bila kuzama ndani. Matabaka mawili mepesi, bila brashi. Kabla haijakauka, hewa ya kompresa ipitishwe kutoka nyuma kwa nguvu ndogo. Ikishakauka, inyanyuliwe mbele ya taa: palipozibwa pataonekana. Rangi ya unga inayookwa tanurini haifai, kwa kuwa huwa nene, na joto lake la karibu nyuzi 200 huharibu matangi ya plastiki na mipira ya kuzuia uvujaji.

Anayetaka kuhakikisha apime joto la hewa baada ya intakula, kabla na baada ya kupaka, barabara ileile na saa ileile. Sensa ya kiwandani si ya kuaminiwa bila kujua ilipo: kwenye Impreza WRX nyingi iko pamoja na kipima hewa, kabla ya tabo, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu intakula. Sensa ya ziada inafungwa kwenye bomba la kutokea.