Kuchagua Daftari la Hitilafu kwa Mradi Binafsi wa Programu

Mtu anayetengeneza programu ndogo ya kompyuta huanza kwa kuzikumbuka hitilafu kichwani, kisha huziandika kwenye karatasi, na hatimaye katika ujumbe wa simu anaojitumia mwenyewe. Zikifika ishirini, nyingine husahaulika. Programu ya kufuatilia hitilafu ni daftari linaloipa kila hitilafu namba, tarehe, maelezo na hali yake. Hapa tunazungumzia daftari lisilolipiwa, ambalo mtumiaji huliweka katika kompyuta yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kijana wa Singida mjini anayeandika programu ya kutunza uzito wa magunia katika kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Wakati wa mavuno wakulima hufika kutoka Ikungi na Iramba. Uzito ukijumlishwa vibaya, mkulima hupunjwa. Kumbukumbu inayoonyesha kosa la kujumlisha liligunduliwa siku gani na kurekebishwa lini ndiyo itakayoeleza malipo ya nani yahesabiwe upya. Ikipotea, kijana huyo hana cha kumwonyesha mkulima.

Mtumiaji atofautishe kwanza programu ya bure na programu huria. Ya bure huweza kubaki mali ya kampuni, na masharti yake hubadilika. Google Code, iliyohifadhi miradi na orodha za hitilafu bila malipo, ilifungwa Januari 2016. Hata kuiweka programu kwenye mtambo wako hakutoshi iwapo leseni si huria: kampuni ya Atlassian ilikoma kuyahudumia matoleo ya Jira Server tarehe 15 Februari 2024, ingawa yalikuwa kwenye mitambo ya wateja wenyewe. Leseni huria humruhusu mtumiaji kuinakili programu, kuibadili na kuendelea kuitumia hata mtengenezaji akiondoka.

Bugzilla, Redmine na MantisBT ni huria na zimekomaa. Hata hivyo, zinahitaji kusakinishwa pamoja na hifadhidata na programu nyingine za kuziwezesha kufanya kazi, na kwa mtu mmoja utunzaji wake waweza kuizidi kazi ya mradi wenyewe. Gitea ni nyepesi zaidi. Kwa kijana wa mfano wetu tungependekeza aanze kuijaribu Fossil: programu ni faili moja, kumbukumbu zote za mradi hukaa katika faili jingine moja, na hufunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Sura yake haivutii, tunakiri. Lakini faili moja hunakiliwa kwa urahisi.

Unafuu huo una uzito mahali ambapo umeme hukatika na kompyuta ni moja. Kabla ya kuamua, andika hitilafu tano za majaribio, funga programu, nakili faili la kumbukumbu kwenye flashi, kisha lifungue katika kompyuta nyingine. Hitilafu zote tano zisipoonekana, usiendelee. Ukishaanza kazi, nakili kila wiki, na flashi isikae kwenye mfuko mmoja na kompyuta, mwizi hachambui.

Mwisho ni taarifa za watu. Si lazima jina na namba ya simu ya mkulima viandikwe ndani ya maelezo ya hitilafu. Namba ya stakabadhi yatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na udogo wa mradi usichukuliwe kuwa kinga. Ikiwa daftari litafunguliwa kwa wengine kupitia intaneti, badili nywila ya awali siku hiyo hiyo, zuia wageni kusoma, na sakinisha matoleo mapya ya usalama yanapotolewa. Asiyeweza kuyafanya hayo kwa sasa alibakize daftari kwenye kompyuta yake pekee.