Kazi ya Kuuguza: Ilikotoka na Ilivyopata Kuwa Taaluma



Kila mwaka tarehe 12 Mei wauguzi hukusanyika na sare zao, wakawasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Hiyo ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Wengi wetu tukiulizwa uuguzi ulianza lini humtaja yeye na taa yake, kisha tukanyamaza. Lakini kuuguza ni kazi ya zamani mno kuliko yeye, na hata habari zake mwenyewe tumezoea kuzisimulia nusu. Katika somo hili tutaitazama kazi hii tangu mbali, tukiwa na swali moja: je, moyo wa huruma watosha kumfanya mtu kuwa muuguzi?

Matabibu wa Uhindi ya kale walikwisha kulijibu. Katika kitabu chao kiitwacho Charaka Samhita, chenye umri wa miaka ipatayo elfu mbili, walifundisha kwamba uponyaji hutegemea wanne: tabibu, dawa, mgonjwa na yule anayemwuguza. Na huyo mwenye kuuguza walimtaka aijue kazi yake, awe mwepesi wa mikono, ampende mgonjwa, tena awe safi. Sijui kama mwalimu wa chuo cha leo angepata la kuongeza, nasi tunaona hangepata. Ila mambo hayo manne yalichukua karne nyingi kukaa pamoja katika mtu mmoja.

Warumi, kwa mfano, walikuwa na nyumba za wagonjwa katika kambi za askari wao, na katika mashamba makubwa kwa ajili ya watumwa. Shabaha ilikuwa askari arudi vitani na mtumwa arudi shambani. Maskini wa mjini aliuguzwa na jamaa zake, kama alikuwa nao.

Hapo ndipo Kanisa la kale lilipotia mkono. Waandishi wengi wa historia ya uuguzi huanza na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, anayetajwa katika Warumi 16:1. Biblia haisemi kwamba aliuguza wagonjwa, basi tusimwongezee. Walio wazi zaidi ni wa karne ya nne. Yapata mwaka 370 Mtakatifu Basili, Askofu wa Kaisaria katika Kapadokia, alijenga nje ya mji wake mahali pa kuwatunza wagonjwa, maskini na wakoma. Na huko Rumi, yapata mwaka 390, mama tajiri aitwaye Fabiola aliuza mali yake akafungua hospitali. Mama huyu alikuwa amemwacha mume wake na kuolewa tena, naye alitubu hadharani mbele ya Kanisa. Mtakatifu Yeronimo, aliyemfahamu, ameandika jinsi alivyowabeba wagonjwa yeye mwenyewe na kuosha vidonda ambavyo wengine hawakuweza hata kuvitazama. Wenzetu Waislamu nao humkumbuka Rufaida, aliyewauguza majeruhi katika hema penye msikiti wa Madina wakati wa Mtume wao.

Kwa miaka elfu iliyofuata, katika Ulaya, kazi hii ilikuwa hasa ya watawa, wanaume kwa wanawake. Kisha tunafika mahali ambapo sisi Waanglikana hatuna budi kusema kweli. Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa wa Uingereza kati ya mwaka 1536 na 1540, wagonjwa walipoteza waliokuwa wakiwauguza. Hospitali chache za London, kama Mtakatifu Bartholomew na Mtakatifu Thomas, zilirudishwa baadaye mikononi mwa mji. Lakini kuuguza kulishuka kukawa kibarua cha kusugua sakafu na kumwaga vyombo, kwa ujira mdogo, na walevi hawakukosekana humo. Mwandishi Charles Dickens alimchora mmoja wao, Sairey Gamp, katika kitabu cha mwaka 1843 na 1844, na watu walicheka kwa sababu walimtambua.

Ndiyo maana wazazi wa Florence Nightingale, watu wenye mali, walimkatalia alipotaka kujifunza kuuguza. Alikuwa na miaka 31 alipopata miezi mitatu ya mafunzo kwa mashemasi wa kike wa Kilutheri huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1854, wakati wa vita ya Krimea, alipelekwa Scutari, karibu na Istanbul, pamoja na wanawake 38, wakiwamo masista wa Kikatoliki na wa Kianglikana.

Taa tunaijua. Nusu tusiyoisimulia ni hii: baada ya yeye kufika, vifo viliongezeka. Kulikuwa na upendo, kulikuwa na chakula bora na shuka safi, na bado mwezi Februari 1855 walikufa kama watu 42 katika kila wagonjwa 100. Kambi iliyogeuzwa hospitali ilikuwa imekaa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba. Askari hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kipindupindu na homa. Mwezi Machi tume ya afya kutoka Uingereza ilizibua mifereji na kuingiza hewa safi, na kufikia Juni vifo vilikuwa kama 2 katika kila 100. Florence mwenyewe aliielewa maana ya jambo hili baada ya vita, alipoketi na mtaalamu wa takwimu William Farr kuzihesabu maiti. Twafikiri ilimwuma sana. Tangu hapo alipigania hewa, maji, mifereji na hesabu, na mwaka 1860 shule yake ilifunguliwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas.

Hata hivyo alikataa jambo moja. Ethel Gordon Manson, aliyekuwa matroni wa Mtakatifu Bartholomew akiwa na miaka 24 tu, na ambaye baada ya kuolewa tunamjua kama Bibi Bedford Fenwick, alianzisha chama cha wauguzi mwaka 1887. Alidai kila muuguzi afanye mtihani na jina lake liandikwe katika daftari. Florence alipinga: mtihani, alisema, hauwezi kupima tabia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Nani kati yetu hajakutana na mwenye cheti asiye na salamu? Lakini Bibi Fenwick aliuliza, mgonjwa atamtambuaje aliyejifunza na asiyejifunza, ikiwa wote wamevaa kofia moja? New Zealand ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1901, Uingereza mwaka 1919. Daftari la Uingereza lilipofunguliwa mwaka 1921, jina la kwanza lilikuwa lake. Wanaume, waliouguza tangu enzi za watawa, waliwekwa katika orodha ya pembeni hadi mwaka 1949.

Hapa Tanzania daftari hilo hutunzwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na muuguzi ambaye jina lake halimo haruhusiwi kufanya kazi wodini.