KIFURUSHI HAKIJI PEKE YAKE

Wahariri wa jarida letu waliponiomba niandike somo la mwaka huu nilikubali upesi mno, hata wakashangaa. Sababu sikuwaambia. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekaribia kulizamisha jarida hili kabla halijazaliwa.

Insha, mashairi na vitendawili vya wanachama vilikuwa vimechapwa katika mashine moja, ile iliyo karibu na dirisha. Zikiwa zimesalia siku kumi na moja jarida lipelekwe kwa mpiga chapa, mashine hiyo iliwaka na kioo cheusi na maandishi meupe, basi. Hakuna dirisha, hakuna picha ya kubofya, hakuna chochote. Mwalimu wa tarakilishi aliuliza, "Nani amegusa hii?" Nikanyamaza kama maji mtungini.

Kabla sijakueleza nilichofanya, hebu kwanza tujue mashine zetu zinaendeshwa na nini. Ni Ubuntu, mmoja wa ukoo wa Linux. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, naye aliiga tabia za Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka wa 1969. Mwaka wa 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, na juu ya Debian ndipo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoijenga Ubuntu, ikatoka mara ya kwanza mwaka wa 2004. Neno lenyewe maana yake ni utu. Sisi tuliozaliwa Kitui na Makueni hatuhitaji kamusi hapo: mtu kwetu ni mundu.

Katika mifumo hii programu huja katika vifurushi. Kifurushi ni faili moja iliyobeba programu pamoja na karatasi ya maelezo: jina lake, toleo lake, na, hapa ndipo penye somo letu, orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakifanyi kazi. Tuyaite hayo mategemeo.

Kwa nini programu isijitosheleze? Fikiria muthokoi. Mtu akisema "leo tunapika muthokoi" hajataja kinu, mchi, maji, kuni wala mbaazi, lakini vyote vimo ndani ya neno hilo. Mahindi yasipotwangwa maganda yakatoka, huna muthokoi, una isyo tu. Isitoshe, kinu hakinunuliwi kila siku ya kupika. Kimoja kinatosha boma zima, na majirani nao huja kukiazima. Vivyo hivyo, programu nyingi hutumia kifurushi kimoja cha pamoja. Kile kiitwacho libc6, kwa mfano, hutegemewa na karibu kila kitu ndani ya mashine. Faida yake ni kubwa: nafasi ya diski haipotei, na kukipatikana kasoro hurekebishwa mahali pamoja, wote wakapona. Hasara yake nayo ni kubwa. Ukikipasua kinu kuwa kuni kwa kuwa wewe binafsi huoni kazi yake, nyumba ngapi zitalala bila muthokoi?

Naam. Mimi nilikipasua kinu.

Diski ilikuwa imejaa, Writer ikawa inakataa kuhifadhi. Nikajiona fundi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Python ni lugha ya kuandikia programu, na katika chama chetu hakuna anayeandika programu, tunaandika mashairi. Basi ya nini kutulia nafasi? Nikaandika:

sudo apt remove python3

Sasa sikiliza, maana hapa wengi huilaumu mashine bure. Apt haikunidanganya. Iliniandikia orodha ndefu, ikaniambia wazi kwamba vifurushi vyote hivyo vitaondolewa, na ndani yake jina ubuntu-desktop likinikodolea macho. Kisha ikaniuliza: Y au n? Orodha ilikuwa ndefu kupita kioo, na mimi nani wa kusoma mambo marefu saa ya chakula cha jioni? Nikabonyeza Y. Halafu, ili kazi iwe safi kabisa, nikaongeza autoremove, ambayo hufagia vifurushi vilivyobaki bila mwenye kuvihitaji, na clean, ambayo hufuta nakala za vifurushi zilizowekwa akiba. Kwa amri tatu nilikuwa nimekipasua kinu, nimekichoma, na majivu nimeyamwaga.

Ni nini hasa kilichotokea? Ndani ya mashine kuna daftari, faili iitwayo /var/lib/dpkg/status. Humo mmeandikwa kila kifurushi kilichomo na mategemeo yake. Mtunza stoo anayepanga na kupangua vifurushi huitwa dpkg. Yeye hushughulika na kile tu unachomkabidhi mkononi. Apt ndiye anayetumwa sokoni: husoma daftari, hupiga hesabu ya nani anamtegemea nani, huenda kwenye ghala la mbali kupitia intaneti, huleta vyote, kisha humkabidhi dpkg kwa mpangilio ufaao. Zamani za miaka ya tisini mwenye Debian alizoea kuhangaika na mpangilio huo kwa taabu. Apt ilikuja na Debian 2.1, Machi 1999. Hesabu hiyo apt huifanya pande zote mbili: ukileta kitu huleta na mategemeo yake, ukiondoa kitu huondoa na wote wanaokitegemea. Programu zinazochora madirisha na vitufe katika Ubuntu zinaitegemea Python. Nilipoing'oa, zikafuata.

Insha hazikufutika, usihofu. Kazi za watumiaji hukaa katika /home, na apt haifiki huko. Lakini insha usizoweza kuzifungua na kuzipanga kurasa ni kama maji ya mto Athi kwa mtu aliye juu ya kilima.

Siku ya pili nilikiri kwa mwalimu. Hakunichapa wala hakunifukuza. Alisema tu, "Uliyeondoa ndiye utakayerudisha." Shuleni hakukuwa na intaneti muhula huo. Basi Jumamosi nikapewa ruhusa, nikapanda matatu hadi Wote na flashi yangu mfukoni. Kwenye saiba nikatafuta kifurushi cha ubuntu-desktop. Nikakipata. Wee! Kilobaiti chache tu! Nilifurahi sana kwamba uharibifu wote ule unatibika kwa faili ndogo kama ile, nikanunua na soda.

Shuleni nikampa dpkg. Akakataa. Akanitajia mategemeo yaliyokosekana, jina baada ya jina, hadi kioo kikajaa. Ndipo nilipofahamu kwamba ubuntu-desktop ni kifurushi kitupu. Ndani yake hamna programu hata moja. Kazi yake ni kubeba orodha ya mategemeo, ili ukikiomba kimoja vije vyote. Nilikuwa nimepanda matatu kwenda mjini kuleta karatasi ya mahitaji, nikaacha mahitaji yenyewe dukani.

Aliyeniokoa ni jirani yetu wa kule Kitui, kaka asomaye chuo kikuu. Mwalimu aliniazima simu nikampigia. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza, "Daftari la apt bado liko?" Nikasema liko. Akaniambia basi apt yenyewe inaweza kukuandikia kila inachohitaji, hata bila intaneti, mradi orodha za ghala zilikuwa zimeletwa zamani kwa apt update. Niliandika katika kile kioo cheusi:

apt-get --print-uris -y install ubuntu-desktop > orodha.txt

Amri hii haisakinishi kitu. Hupiga hesabu tu, ikaandika anwani ya kila faili itakiwayo, moja kila mstari. Za kwangu zilikuwa mamia. Jumamosi iliyofuata nikarudi Wote na orodha hiyo kwenye flashi. Mwenye saiba alinionea huruma, akaniachia mashine ya pembeni ishushe faili tangu asubuhi hadi adhuhuri. Chache hazikupatikana, kwa kuwa ghalani toleo jipya lilikuwa limechukua nafasi ya lile la orodha yangu, na hizo ilinibidi nizitafute moja moja kwa toleo lile lile. Ukitaka kuepuka taabu hiyo, fanya apt update mara kwa mara kila mtandao unapopatikana.

Nilipofika nilizinakili zote katika /var/cache/apt/archives, mahali apt inapoweka akiba yake, nikatoa amri ya kusakinisha. Apt ikaona vitu vimo tayari, haikuuliza habari za intaneti. Ilisakinisha kwa muda ambao nilihesabu kila dakika. Mwalimu akaiwasha mashine upya. Picha ya jangwa la rangi ikatokea, wanachama wakapiga vigelegele, mimi nikakaa chini.

Kuna jambo jingine ambalo kaka huyo alinisimulia baadaye, nami nalitia hapa kwa sababu linaonyesha kwamba mategemeo si shida ya wanafunzi wazembe peke yao. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia katika seva yake kwa ssh kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Wengine wangepuuza. Yeye alichimba, akagundua kwamba kifurushi cha kubana faili kiitwacho xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kilitiwa mlango wa siri. Utauliza, kubana faili na ssh vina undugu gani? Wala havina. Ila Debian na wengine walikuwa wameiunganisha ssh na maktaba ya systemd, nayo maktaba hiyo ilitegemea ile ya xz. Mtegemezi wa mtegemezi! Kwa bahati sumu ilikuwa imefika katika matoleo ya majaribio tu, haikufika kwenye Debian imara. Vifurushi vya ghalani hulindwa kwa sahihi ya siri ili mtu asivibadilishe njiani, lakini sahihi haisaidii chochote ikiwa sumu ilitiwa jikoni.

Turudi chumbani kwetu. Siku hizi kabla ya kuondoa kifurushi chochote tunaandika kwanza:

apt -s remove jina-la-kifurushi

Herufi s humaanisha igiza: apt huonyesha kitakachotokea bila kukitenda. Na ukitaka kujua akina nani wanaazima kinu, uliza apt-cache rdepends na jina la kifurushi. Aidha, intaneti iliporudi, mwalimu aliiweka apt-cacher-ng katika mashine moja. Mashine ya kwanza ikishusha kifurushi, nakala hubaki hapo, na nyingine zote huchota hapo badala ya kununua bando tena na tena. Kwa shule za pande zetu hili nadhani lina thamani kuliko tarakilishi mpya.

Jarida lilifika kwa mpiga chapa likiwa limechelewa siku mbili. Ukurasa huu unaousoma ulipangwa katika mashine ile ile ya dirishani. Na ile nafasi ya diski iliyonifanya ning'oe Python? Mwalimu alinifundisha amri ya du -sh, ambayo hupima ukubwa wa kila folda. Python ilikuwa imechukua kidogo sana. Aliyejaza diski alikuwa video za tamasha la drama, nakala tatu za mchezo ule ule, na katika zote tatu anayeigiza mfalme ni mimi.