MIKONO YA ASKARI WA DAMU

Katika Biolojia tumefunzwa kwamba seli nyeupe za damu ni askari wa mwili. Wengi wetu tuliandika sentensi hiyo daftarini tukaendelea mbele. Lakini je, umewahi kujiuliza askari huyo husimama vipi? Damu inakwenda mbio. Mtu akichukuliwa na mto Daua uliofurika, hasimami eti kwa sababu anataka. Ni lazima apate cha kushika.

Seli nyeupe ina mikono yake, nayo huitwa integrini. Kila integrini ni protini mbili zilizoungana, alfa na beta. Sehemu kubwa iko nje ya seli, na mkia uko ndani. Kazi yake huenda kwa hatua nne:

1. Kuviringika. Penye jeraha, ukuta wa mshipa hutoa protini ziitwazo selektini. Hizi humshika askari kidogo tu, naye hupunguza mwendo akiviringika ukutani.

2. Kuamka. Mpaka hapo integrini imejikunja kama mkono uliokunjwa kiwikoni. Ukuta hutoa ishara za kemikali. Seli ikizipata, protini ya ndani iitwayo talini hushika mkia wa integrini, na mkono hunyooka.

3. Kushika. Mkono ulionyooka hukamata kwa nguvu protini ya ukutani iitwayo ICAM-1. Seli inasimama.

4. Kutandaa. Mikia ya integrini huungana na nyuzi za aktini ndani ya seli. Seli iliyokuwa mviringo kama mpira hutandaa kama chapati, hutambaa, kisha hupenya ukuta na kwenda vitani.

Mbona mikono isinyooke siku zote? Kwa sababu askari wangenasa kila mahali na kuumiza mwili wenyewe. Na ikikosekana? Wako watoto wachache duniani wanaozaliwa na kasoro katika beta ya pili. Damu yao imejaa seli nyeupe, lakini hazifiki kwenye kidonda. Kidonda hakitungi usaha wala hakiponi. Askari wamejaa kambini na kijiji kinaungua!

Sasa tuje kwetu, maana kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2000 na 2001 ugonjwa wa kalaazari ulilipuka Mandera na Wajir, pamoja na sehemu jirani za Somalia na Ethiopia. Wagonjwa zaidi ya 900 waligunduliwa. Ugonjwa huu huletwa na kimelea kiitwacho Leishmania, nacho huenezwa na usubi wanaojificha ndani ya vichuguu.

Kimelea hiki ni mjanja. Mwili hukipaka protini za kinga ili kiliwe. Chenyewe huzikata kwa kimeng'enya chake mpaka zibaki na umbo ambalo integrini moja, CR3, hulishika vizuri. CR3 iko juu ya makrofaji, zile seli kubwa zinazomeza viini. Basi makrofaji humeza, lakini bila kumwaga sumu yake kali ya kuua. Mwizi ameingia kwa mlango, tena kwa kukaribishwa! Humo ndani huzaana. Homa haiishi, wengu huvimba, damu hupungua. Asiyetibiwa, mara nyingi sana hufa.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu mpeleke somo hili nyumbani. Homa ikizidi wiki mbili na tumbo livimbe upande wa kushoto, mgonjwa asichomwe kwa chuma cha moto. Moto wa juu ya ngozi haukifikii kimelea kilichojificha ndani ya seli. Apelekwe hospitali apimwe damu. Dawa ipo, na wengi wanaoanza mapema hupona.

MASWALI
(a) Taja hatua nne za askari kutoka kwenye damu.
(b) Kwa nini integrini hukaa imejikunja?
(c) Kimelea cha kalaazari huingiaje ndani ya makrofaji?