Damu Katika Makohozi ya Mchimbaji

Mchimbaji mdogo anapotema damu, maelezo huwa tayari kabla hajafika zahanati: kazi nzito imempasua kifua. Ameshinda ndani ya duara akigonga mwamba kwa nyundo na tindo, amesaidia kuvuta viroba vya mawe kwa kamba, na jioni makohozi yametoka na michirizi myekundu. Maelezo hayo yana mantiki, na ndiyo sababu huwachelewesha wagonjwa. Aliyechoka hupumzika siku tatu, akapata nafuu, akarudi kazini. Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, inafaa swali liulizwe kwa makini: je, jitihada ya mwili peke yake yaweza kuyatoa mapafu damu?

Yaweza, na mnyama anayelionyesha jambo hilo waziwazi ni farasi wa mashindano, kama wale wanaokimbizwa katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi. Farasi akiwa katika kasi yake yote, moyo wake husukuma takriban lita 300 za damu kwa dakika. Moyo wa mtu mwenye afya, katika kazi ngumu, hufikisha lita 20 hadi 25. Damu hiyo yote ya farasi hulazimika kupita katika kapilari za mapafu, ambazo ukuta wake, mahali hewa na damu vinapokaribiana, kwa sehemu kubwa haufikii unene wa elfu moja ya milimita. Shinikizo ndani ya kapilari hizo hukaribia milimita 100 za zebaki (zebaki hapa ni kipimo tu, si ile ya kukamatia dhahabu), na ukuta hupasuka. Mwanafiziolojia John B. West na wenzake wa San Diego, Marekani, waliionyesha mipasuko hiyo kwa hadubini katika miaka ya 1990. Kamera ndogo ikipitishwa katika koromeo baada ya mbio, zaidi ya nusu ya farasi huonekana na damu, ingawa ni wachache sana ambao damu huwatoka puani.

Mwanadamu hakuumbwa hivyo. Shinikizo katika mshipa mkuu wa mapafu yake ni wastani wa milimita 15 anapopumzika, na kazi ngumu hulipandisha hadi 30 au zaidi kidogo. Wapo wanariadha wa kiwango cha juu ambao mapafu yao huvuja damu kidogo wanapojikaza hadi kikomo, lakini ni jambo la nadra. Anayemkaribia farasi hasa ni mgonjwa ambaye valvu ya kushoto ya moyo imekazana baada ya homa ya rumatiki ya utotoni. Damu hushindwa kupita, shinikizo hurudi nyuma hadi mapafuni, naye hukohoa damu anapofanya kazi au anapokuwa mjamzito. Kwa hiyo kila atemaye damu asikilizwe na moyo pia, hasa akiwa kijana anayehema akipanda kilima kidogo.

Kwa mchimbaji, hata hivyo, kisa huwa kingine, nacho huanza na vumbi. Mwamba wenye dhahabu katika ukanda huu mara nyingi ni kwazi, na kwazi ni silika. Ikichorongwa, ikipondwa kwa nyundo au ikisagwa kwenye karasha, hutoa chembe zisizoonekana kwa macho ambazo hushuka hadi mwisho wa mapafu. Seli za ulinzi huzimeza chembe hizo, nazo chembe huziua seli. Kinachobaki ni makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Vipimo vya wachimbaji wadogo wa Tanzania vilivyochapishwa mwaka 2015 vilikuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita moja ya ujazo ya hewa kwa wanaochoronga chini ya ardhi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ni miligramu 0.05, hiyo ni mara 337. Juu ya ardhi wastani ulikuwa miligramu 0.19, karibu mara nne ya kiwango hicho, hivyo wanawake wanaoponda mawe kandokando ya karasha nao wamo.

Hapa pana jambo ambalo mhudumu wa afya hapaswi kulisahau. Silikosisi peke yake huleta kikohozi na kuhema, lakini kwa kawaida haileti damu. Damu ikionekana kwa mtu wa vumbi, kifua kikuu kishukiwe kwanza, kwa kuwa seli zilizouawa na silika ndizo zilizopaswa kumzuia mdudu wake. Saratani ya mapafu nayo ikumbukwe kwa wenye umri mkubwa. Mshipa unaovuja si kapilari za farasi. Mara nyingi ni ateri za bronki, ambazo hubeba shinikizo lilelile la mkono unapopimwa, nazo zimetanuka kuzunguka mapango na makovu. Ndiyo maana damu inaweza kukoma kwa wiki nzima, kisha ikaja kwa wingi bila kazi yoyote kufanywa.

Mgonjwa akiulizwa kazi yake leo, atasema ni mkulima, na atakuwa amesema kweli. Aulizwe: „Umewahi kufanya kazi duarani au kwenye karasha, na kwa miaka mingapi?“ Makohozi yapelekwe kwenye kipimo cha GeneXpert, virusi vya Ukimwi vipimwe, na picha ya kifua ipigwe. Vinundu vya silikosisi na vya kifua kikuu hufanana katika picha, kwa hiyo picha peke yake isitoe hukumu. Aliyewahi kutibiwa, na sasa makohozi hayana mdudu, huenda damu yake inatoka kwenye bronki zilizoharibika au kuvu lililoota ndani ya pango la zamani. Asianzishiwe dozi ya pili kwa kubahatisha, bali apewe rufaa, kwa mfano Bugando jijini Mwanza. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, bila malipo, na dawa zisiachwe damu inapokoma.

Njia za hewa za mtu mzima hubeba takriban mililita 150, chini ya kikombe cha chai. Anayetoka damu nyingi huuawa na kukosa hewa kabla ya kuishiwa damu. Akalishwe wima, au alazwe kwa ubavu wa upande unaovuja ikiwa unajulikana, ateme badala ya kumeza, na gari litafutwe wakati huohuo. Kiasi cha kikombe au zaidi kwa siku ni dharura.

Maziwa, ambayo wengi huyanywa ili kusafisha vumbi, huenda tumboni, mapafu hayayapati. Kinachopunguza vumbi ni maji: kulowesha mwamba kabla ya kuuponda, na kunyunyizia karasha inapozunguka. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia chembe kubwa na kuziachia zile ndogo zinazoumiza.