Mbwa Mzee Anayeumwa Viungo: Vidokezo kwa Wafugaji wa Masisi na Walikale

Malishoni Masisi, ambako vilima hupita mita 2,000, asubuhi ni baridi na ukungu huchelewa kuondoka. Mbwa aliyelinda ng'ombe miaka mingi huonekana wakati huo: anainuka kwa shida, miguu ya nyuma imekakamaa. Watu husema "amezeeka tu," na jambo huishia hapo. Lakini mbwa huyo anaumwa, na mengi ya kumsaidia yamo nyumbani kwako.

1. Mtazame anapoamka. Gegedu linalofunika ncha za mifupa likilika, kiungo hukakamaa baada ya kupumzika, kisha hulegea kidogo akitembea. Dalili nyingine: haruki tena mfereji aliozoea kuruka, mapaja yamekonda, analamba kiungo kilekile kila siku, ananguruma mtoto akimgusa kiuno. Usisubiri alie. Maumivu ya aina hii mbwa wengi huyabeba kimya.

2. Kagua nyayo kabla ya kulaumu viungo. Funza wakijaa vidoleni, mbwa atachechemea hata akiwa kijana. Tafuta pia mwiba na kucha ndefu. Mbwa mzee hatembei sana, kucha haziliki, nazo humlazimisha kukanyaga vibaya. Zikate kidogo kidogo ili usifikie mshipa wa damu. Kisha tafuta kupe masikioni na kati ya vidole. Kupe wa mbwa huambukiza ugonjwa unaoleta homa na maumivu ya viungo. Ugonjwa huo una dawa yake, lakini daktari lazima authibitishe.

3. Usichanganye na kichaa cha mbwa. Maumivu ya uzee huja polepole, kwa miezi. Miguu ikilegea ndani ya siku chache, mate yakachuruzika, sauti ikabadilika au akashindwa kumeza, usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Jitenge naye na uite wahusika wa mifugo. Aliyeumwa na mbwa huyo, au aliyeguswa na mate yake penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kutafuta chanjo.

4. Vidonge vyako ni vyako. Hapa ndipo mbwa wengi huumizwa na watu wanaowapenda. Diclofenac na ibuprofen, zinazouzwa katika kila duka la dawa, humtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Paracetamol nayo inaweza kuharibu ini lake. Mbwa akitapika, au akitoa kinyesi cheusi kama lami baada ya kumeza dawa, huenda anatoka damu ndani: acha dawa hiyo mara moja na utafute daktari.

Zipo dawa ambazo daktari wa mifugo huwaandikia mbwa, mojawapo meloxicam, lakini kipimo hufuata uzito. Kwa kawaida mbwa wa kilo 15 hupewa miligramu 3 siku ya kwanza, kisha miligramu 1.5 kwa siku. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 ni mara tano ya hiyo dozi ya kila siku. Ndiyo maana kukata kidonge kwa kukadiria ni hatari. Dawa hii hutolewa pamoja na chakula, maji yakiwepo, na kamwe haichanganywi na dexamethasone wala prednisolone.

5. Mwinue kutoka ardhini. Sakafu ya udongo au saruji hunyonya joto lake usiku kucha. Tandika mbao, juu yake magunia yaliyojazwa majani makavu, uyabadilishe yakilowa. Walikale, ambako msitu ni wa chini na unyevu hauishi, kazi kubwa ni kukausha: anika magunia hayo kila jua likitoka.

6. Mpe joto. Pasha maharage makavu kwenye sufuria juu ya mbabula, yatie ndani ya kipande cha kikwembe, uyajaribu kwanza kwenye mkono wako, kisha uyaweke kwenye nyonga au goti lake dakika 10 hadi 15. Asubuhi ndiyo saa nzuri. Kiungo kilichovimba na chenye moto usikiwekee joto. Hicho kinamhitaji daktari.

7. Angalia mbavu. Katika utafiti wa Labrador 48 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, mbwa waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Kwa hiyo mbwa wa mjini anayemwagiwa fufu kila jioni apunguziwe. Wa kijijini tatizo lake mara nyingi ni kinyume: amekonda, na misuli inayoshika kiungo imekwisha. Huyo mpe yai lililochemshwa, mapafu ya ng'ombe yaliyopikwa, au sambaza wa Ziwa Kivu. Sambaza wakiwa na chumvi, waloweke kwanza.

8. Atembee, asiwinde. Mbwa wa msituni Walikale, anayevishwa kengele ya mti shingoni, hukimbia siku nzima akiruka magogo na vijito. Akizeeka, mwache abaki nyumbani kulinda. Lakini usimfunge kamba mchana kutwa; kiungo kisichotumika hukakamaa zaidi. Matembezi mafupi mara mbili au tatu kwa siku, njia tambarare, yanamfaa kuliko safari moja ndefu ya wiki.

9. Usiuze kuku kununua glucosamine. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 haukuona ikiwasaidia mbwa wenye viungo vibovu. Mafuta ya samaki yenye omega-3 ndiyo yaliyoonekana kufaa.

10. Tumia siku ya ng'ombe. Kwa vita na barabara zinazofungwa, wengi hawana njia ya kumfikisha mbwa kwa daktari Goma. Lakini Masisi ni nchi ya ng'ombe, na daktari anayekuja kuwachanja anaweza kumpima pia mbwa wako. Mpime mbwa mapema kwenye mizani ya magunia, andika kilo zake na kila dawa aliyomeza, na umwombe daktari aje na chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku akifika zizini, usimwache aondoke kabla hajamtazama mzee wako.