Katuni za Kutengenezea Sebuleni: Vidokezo kwa Wachoraji wa Tarime na Mugumu

Mwalimu wa Nyamwaga, fundi simu wa Sirari, binti wa Mugumu anayejaza daftari la hesabu kwa picha za fisi: yeyote kati yenu anaweza kutoa filamu ya katuni bila kununua programu hata moja. Programu nzuri za bure zimejaa tele. Kazi iko kwenye kujua ipi itaivana na mashine yako, umeme wako na bando lako, maana hivyo vitatu ndivyo vitakavyokutoa jasho.

1. Tazama RAM kwanza, sifa za programu baadaye

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Ukikuta RAM ni gigabaiti 2 au 4, anza na Pencil2D. Ni nyepesi na haina madoido: karatasi, penseli, mstari wa muda, basi. Ukiwa na zaidi kidogo, jaribu Krita, ambayo brashi zake ni raha tupu kwa mtu aliyezoea kuchora kwa mkono. Ila Krita hupakia fremu nyingi kwenye RAM, kwa hiyo igawe filamu katika vipande vya sekunde chache, uje uviunge mwishoni.

Blender ya siku hizi inadai gigabaiti 8 na kuendelea, pamoja na kadi ya picha isiyo ya kale. Laptopu ya mtumba ikiikataa, usikate tamaa: matoleo ya zamani bado yamehifadhiwa kwenye tovuti ya Blender yenyewe, na lile la 2.79 hukubali mashine nyingi ambazo matoleo ya kuanzia 2.8, lililotoka mwaka 2019, huzigomea.

2. Bure ya halali ipo, achana na ya wizi

Kuna jamaa atakuuzia flashi yenye programu ghali "iliyokwisha kuvunjwa". Mara nyingi unanunua pia virusi, na siku moja kazi yako yote inafungwa kama boma usiku. Blender, Krita, Pencil2D, Synfig na OpenToonz ni bure kabisa, na filamu unayotengeneza ni yako, uza upendavyo.

Usidhani bure maana yake ni ya watoto. Kampuni iliyokuwa inamiliki Blender ilipokufa, mwanzilishi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, aliomba michango mwaka 2002, na watu wa kawaida wakachanga euro 100,000 ili programu iachiwe umma. Kwa programu hiyohiyo Gints Zilbalodis wa Latvia alitengeneza Flow, filamu ya paka na wenzake ambamo hakuna anayesema neno, ikachukua Oscar ya katuni ndefu Machi 2025. Nayo OpenToonz, iliyoachiwa bure mwaka 2016, inatokana na Toonz, ambayo studio ya Ghibli ya Japani ilikuwa ikiitumia tangu miaka ya tisini. Nguvu zake sina ubishi nazo. Lakini vitufe vyake vimejificha sana. Mimi siwezi kumpa mtu anayeanza.

3. Hesabu michoro kabla hujamwaga rangi

Hapa ndipo filamu nyingi za nyumbani hufia. Sinema ya kawaida hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, hivyo sekunde moja inataka michoro 12, na dakika moja 720. Sasa wewe unataka hadithi ya sungura na fisi ya dakika kumi, kwa mkono, baada ya kutoka shambani?

Punguza. Anza na sekunde 30. Halafu tumia ujanja wa vipande: kichwa, kiwiliwili, mkono na mguu kila kimoja na tabaka lake, ukivisogeza bila kuchora upya. Synfig imetengenezwa kwa kazi hiyo, na OpenToonz inaiweza. Watazame wahusika wa Ubongo Kids, kipindi cha Dar es Salaam kilichoanza kurushwa mwaka 2014: maumbo mepesi, mistari michache, na watoto wanawapenda hivyohivyo.

Na nyumbu? Serengeti wanapita zaidi ya milioni, nawe huhitaji kuchora hata watano. Chora mmoja akikimbia, michoro minane hadi kumi na miwili, wa mwisho ukirudi kuungana na wa kwanza. Mnakili mara arobaini, wapunguze ukubwa wale wa nyuma, na kila mmoja aanze hatua yake kwa wakati tofauti, wasije wakaonekana gwaride la mgambo. Vumbi likifunika miguu, umejiokolea kazi zaidi. Kama unaweza kufika Kogatende nyumbu wanapovuka Mto Mara, kati ya Julai na Septemba hivi, warekodi kwa simu, kisha tazama video polepole uone mgongo unavyopanda na kushuka.

4. Simu peke yake inatosha

FlipaClip inakubali simu nyingi za Android. Toleo la bure huweka chapa yake kwenye video na kukubana kwenye idadi ya tabaka; kwa mazoezi halina neno. Asiyejua kuchora atumie Stop Motion Studio na vinyago: unapiga picha, unasogeza kidogo, unapiga tena. Udongo wa mtoni hukauka ukapasuka mhusika akiwa katikati ya sentensi, kwa hiyo waya uliovikwa kitambaa ni bora. Funga dirisha, tumia taa moja isiyohama. Jua likisogea, filamu yako itapepesa.

5. Umeme ukikatika, usipoteze usiku mzima

Ukifika kwenye kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe picha za mwisho, usiagize faili la video moja kwa moja. Agiza picha za PNG, kila fremu faili lake. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 300, unaendelea na ya 301. Ukiwa umeagiza video, huenda ukaanza upya kabisa. Picha zikitimia, Shotcut au Kdenlive, bure zote mbili, zitaziunga.

6. Pakua mara moja, gawaneni

Blender ni megabaiti mia kadhaa. Mmoja wenu aipakue kwa bando la usiku, wengine wanakili kwa flashi; leseni yake inaruhusu. Walio Sirari wazime kwanza huduma ya mitandao ya nje, maana simu iliyo karibu na mpaka hudaka mnara wa Kenya bila kukuuliza.

7. Sauti isiwe ya bafuni

Mtazamaji husamehe mchoro mbovu, sauti mbovu haisamehe. Rekodi maneno kwanza, chora baadaye, midomo ifuate sauti. Audacity ni bure. Chumba chenye nguo na magodoro hupunguza mwangwi. Wahusika waongee Kikurya au Kingoreme kama ndiyo lugha ya hadithi, Kiswahili kiandikwe chini. Ukitaka litungu, mwendee mzee anayelipiga, mwamkie, elewaneni malipo na muandikishane, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpigaji pia. Simu ikae hatua chache kutoka kwake, nyuzi nene zisije zikakwaruza. Kabla ya kuonyesha filamu hadharani, waulize Bodi ya Filamu Tanzania kuhusu kibali.

8. Lini ulipe?

Mteja anapokulazimisha. Toon Boom Harmony ni ya studio kubwa na hulipiwa kwa muda, kwa fedha za kigeni. Moho unaweza kuinunua mara moja ikawa yako. Kabla ya hapo, hela yako ya kwanza iende kwenye kibao cha kuchorea chenye kalamu, ya pili kwenye RAM. Fundi wa Tarime mjini akikuambia anaweza kuiongeza toka 4 hadi 8, muulize kwanza kama iliyopo imechomekwa au imechomelewa kwenye bodi. Ikiwa imechomelewa, bodi haina nafasi nyingine, na fundi bado anasisitiza, chukua laptopu yako uondoke.